Simba Kijana Asiye na Kwao: Faida na Hatari za Kunguruma

Angurumapo simba, mcheza nani? Kila mtoto aliyelelewa katika pwani hii ameisikia methali hiyo, aghalabu pale mzee anapoingia barazani na kelele za watoto zinapokatika. Ni methali njema, wala sina ugomvi nayo. Lakini waliotuachia walikuwa wakimsema simba mmoja katika wawili. Walimsema simba mwenye kwao. Yule wa pili, kijana aliyetoka katika kundi la mama yake na sasa anazunguka nyika bila mke, bila mtoto na bila mpaka wa kuulinda, hakutungiwa methali ya ngurumo, kwa kuwa hangurumi. Makala ya wiki hii inamhusu yeye: kwa nini ananyamaza ilhali koo analo, angepata nini lau angenguruma, na kwa nini ukimya wake utushughulishe sisi watu wa Kwale.

Msomaji wa Diani au Msambweni huenda akauliza simba ametufikia vipi. Usiku wetu una mawimbi, una pikipiki za abiria, una adhana ya Alfajiri, simba haumo. Ni kweli. Lakini Kwale si ufuo peke yake. Ukiipa bahari mgongo, ukavuka Milima ya Shimba na kuteremkia Kinango, kisha ukashika njia ya kwenda Samburu, Taru, Mackinnon Road na Kilibasi, unaingia katika nyika kavu iliyopakana na mbuga za Tsavo. Huko wako ndugu zetu Waduruma na ng'ombe na mbuzi wao, na nyumba nyingi za huku chini zina shemeji, mkwe au shangazi kule juu. Mbuzi wa akika anayechinjwa Ukunda huenda amelelewa Kinango. Basi habari ya simba anayezurura ni habari ya jamaa zetu, na ni habari ya riziki.

Wasafiri wa barabara ya Nairobi wanaujua msikiti wa Mackinnon Road, ulio karibu na reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mwislamu kutoka Bara Hindi aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli ile ya zamani. Wengi husimama hapo kuswali, na ni vyema, maadamu anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Reli hiyo ndiyo ambayo kazi yake ilisimama mwaka 1898 ilipofika mto Tsavo, kwa ajili ya simba dume wawili wasio na manyoya marefu ya shingoni, waliokuwa wakiwatoa wafanyakazi mahemani usiku na kuwala. Msimamizi wa daraja, Patterson, aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo, na miili yao iliyojazwa imo katika jumba la makumbusho mjini Chicago hadi leo. Idadi ya waliouawa imebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba wale na kutoa hesabu yao mwaka 2009 walikadiria watu 35 hivi. Nakikumbusha kisa hiki kwa jambo moja tu. Patterson ameeleza kwamba ngurumo zilisikika zikitoka mbali na kusogea, na zilipokatika ndipo makambi yalipoingiwa na hofu, kwa kuwa sasa simba alikuwa ananyatia. Watu wale, Wahindi na Waafrika, walifundishwa kwa damu kuusikiliza ukimya.

Pengine yupo atakayeshangaa kumwona sheikh akiandika habari za wanyama wakali. Asishangae. Kunguru alimfundisha mwana wa Adam namna ya kumsitiri nduguye ardhini. Hudhud alimletea Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, habari za malkia wa Sabaa. Katika Surat al-Muddaththir kuna mfano wa punda wanaomkimbia qaswara, na wengi wa wafasiri wamesema qaswara ni simba. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alipotunga kitabu chake kikubwa cha Hayat al-Hayawan alianza na simba kabla ya mnyama mwingine yeyote. Waarabu wamempa majina kwa wingi: asad, layth, usama, haidar, ghadhanfar, dhirgham, na mtoto wake ni shibli, neno lililoingia hata katika Kiswahili chetu. Bwana Hamza, Mwenyezi Mungu amridhie, aliitwa Simba wa Mwenyezi Mungu. Majina haya tunawapa wana wetu. Si vibaya kumjua mwenye jina.

Simba hunguruma zaidi usiku na kabla ya mapambazuko, hewa inapotulia na sauti inaposafiri mbali. Huanza kwa miguno ya chini, sauti ikapanda hadi ikajaza kifua cha anayeisikia, kisha ikamalizikia katika miguno mifupi mifupi kama pumzi za mtu anayepasua kuni. Mwaka 2011 wataalamu wa sauti walieleza siri yake: nyuzi za sauti za simba ni bapa na zenye umbo la mraba, kwa hiyo hutoa sauti kubwa kwa pumzi ndogo. Ukiwa karibu naye sauti hiyo hufikia desibeli 114, na usiku mtulivu husikika hadi kilomita 8. Ni kama simba anguruma Ukunda, naye asikiwe na mtu aliye njiani akikaribia Tiwi. Na anayesikia, kama ni simba, hapati kelele tupu. Anapata kujua anayenguruma ni mwenyeji au mgeni, yuko upande gani, na wako wangapi.

Sasa tumtazame kijana wetu. Kundi la simba ni nyumba ya wanawake: majike wa ukoo mmoja, bibi, mama, shangazi na mabinti, wanaozaliwa katika himaya moja na wengi wao kufia humo. Madume ni walinzi wachache wanaokuja na kuondoka. Shibli dume akifika miaka miwili au mitatu hutoka, mara nyingi kwa sababu madume mapya yamewasili na hayamtaki. Akibahatika hutoka na ndugu na binamu wa rika lake. Kuanzia hapo ni kutangatanga kwa miaka miwili au zaidi, pembezoni mwa himaya za wengine. Hula mzoga aliouokota, humnyang'anya fisi, huwinda anapoweza. Na akiona zizi dhaifu la mbuzi, basi hilo nalo ni meza iliyoandaliwa. Akikaribia miaka minne au mitano, mwili umekamilika, na hapo huanza kutafuta kundi la kulitwaa.

Koo la kunguruma analo tangu siku aliyotoka kwa mama yake. Faida za kulitumia ni za kweli, wala tusimdhulumu kwa kuzificha. Wazururaji hutawanyika wakiwinda au wakifukuzwa, na katika vichaka vya nyika ndugu aliyepotea usiku hatafutwi kwa macho. Ngurumo moja ingewakutanisha. Kuna na jambo la mke. Simba jike aliye tayari kushika mimba husikiliza, na dume asiye na sauti ni kama hayupo duniani. Wazururaji wenzake wanaogombea mzoga uleule wangemwachia nafasi kwa kudhani ni mwenye mji. Na huenda himaya anayopita imebaki bila mlinzi, kwa sababu mlinzi amekufa au amechakaa. Kijana akinguruma na asijibiwe, amepata habari ambayo ukimya usingempa.

Lakini je, akijibiwa?

Jambo hili limechunguzwa kwa subira kubwa jirani yetu Tanzania, katika Serengeti, ambako simba wanafuatiliwa tangu mwaka 1966, alipoanza George Schaller. Baadaye, kuanzia mwaka 1978, wakaja Craig Packer na Anne Pusey, na wanafunzi na washirika wao baada yao. Simba wa huko wanajulikana mmoja mmoja kwa madoa ya midomoni, kama mwalimu wa chuo anavyowajua watoto wake. Watafiti walichukua ngurumo za simba wageni zilizorekodiwa, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakaicheza sauti hiyo ndani ya himaya ya watu, kisha wakatazama.

Madume wenyeji waliinuka na kwenda. Hawakwenda mbio wala hawakuzunguka. Waliifuata sauti moja kwa moja ilikotoka. Walikwenda hata pale sauti za wageni zilipokuwa nyingi kuliko wao. Mtu aweza kudhani ni ujinga, mmoja kuwaendea watatu, lakini mwenyeji anajua kilicho nyuma yake. Akiwaacha wageni waingie, watoto wake hawataiona wiki ijayo. Kwa hiyo kijana anayenguruma katika ardhi isiyo yake hapigi hodi. Anawaita watu wazima waje wamuue, na wao huja.

Majike nao walijaribiwa, na hapa naomba kina mama wanisikilize. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Karen McComb na wenzake waliwachezea majike sauti ya jike mgeni mmoja, na mara nyingine sauti za majike watatu kwa pamoja. Mmoja walimwendea kwa wepesi. Watatu waliwafanya wasite, na walinguruma kuwaita dada zao waliokuwa mbali. Kwa maneno mengine, simba jike anahesabu. Anapima idadi ya walio nje na idadi ya walio nyumbani kabla ya kuinua mguu. Mwaka 1995 ukatoka utafiti mwingine ulioonyesha kwamba wako majike ambao kila wakisikia sauti ya mgeni hutangulia mbele, na wako ambao kila mara hubaki nyuma wakiwaacha wenzao wapambane. Naona wasomaji wengine wamekwisha kuwaza jina la wifi fulani, tuyaache hayo.

Utafiti uliotangulia hiyo yote, wa mwaka 1993, ndio ulionigusa zaidi. Majike wenye watoto wachanga walisikilizishwa ngurumo za madume wa kundi lao, kisha ngurumo za madume wageni. Waliposikia za baba wa watoto wao, walibaki wametulia. Wengine hawakuinua hata kichwa. Waliposikia sauti ya mgeni walikunja uso, wakakusanya watoto, wakaondoka nao. Sababu yake ni nzito. Dume jipya linapotwaa kundi huwaua watoto wadogo linaowakuta, kwa kuwa mama aliyefiwa na watoto hurejea upesi katika hali ya kushika mimba, ilhali mwenye watoto hai angelisubirisha mwaka na zaidi. Mnyama hana kalamu inayomwandikia, na sisi hatuchukui tabia zetu kwake. Lakini msomaji ameshaona balaa la kijana wetu: ile sauti ambayo ingemwita jike ndiyo inayomfukuza. Mwenye watoto atakimbia, na asiye na watoto ana walinzi wanaokuja.

Ndipo linapoeleweka lile waliloliona Jon Grinnell na Karen McComb, wakalichapisha mwaka 2001. Madume wenye himaya hunguruma mara kwa mara. Madume wasio na himaya kwa kawaida hunyamaza. Si kwamba hawawezi. Wamezungukwa na masikio, na masikio hayo ndiyo yanayowafunga mdomo.

Kuhusu kipigo chenyewe, mfano wake uko. Mwaka 2009 huko huko Serengeti, dume mmoja ambaye watafiti walimpa jina la C-Boy alivamiwa na madume watatu kwa pamoja. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye kundi, si kijana. Lakini siku ile mwenzake, Hildur, hakuwa naye pale. Mmoja alimkabili mbele, wawili wakamshika nyuma. Aliponea chupuchupu, akapoteza kundi lake. Baadaye yeye na Hildur walihamia upande wa mashariki na kupata makundi mengine, na C-Boy akaishi hadi mwaka 2018, umri mkubwa kwa dume wa mwituni. Tofauti ya kifo na uhai ilikuwa hesabu: watatu kwa mmoja. Kijana wa miaka mitatu, mwenye singa fupi na mwili usiokomaa, akikutana na watatu hao hatakuwa na hadithi ya kuhadithiwa.

Kwa hiyo mzururaji hutafuta kwanza sahibu. Watafiti wa Serengeti walidhani zamani kwamba madume wanaotembea pamoja ni ndugu wa damu daima. Uchunguzi ukaonyesha sivyo. Aliyetoka peke yake huokota mwenziwe njiani, mtu baki kabisa, wakawa wawili au watatu, wakala pamoja na kupigana pamoja kama waliozaliwa tumbo moja. Makundi makubwa, ya wanne na kuendelea, ndiyo huwa ya ndugu watupu. Katika kundi kubwa si kila dume hupata watoto, na anayekosa huridhika tu kama wanaozaliwa ni wa kaka yake. Mtu baki haoni faida ya kumwaga damu kwa ajili ya watoto wa mwingine. Wawili wakiwa wawili, kila mmoja ana fungu lake. Ni sharika ambayo hata mwanachuoni wa fikihi ya biashara angeikubali.

Na katika miaka yote hiyo ya kunyamaza, kijana hakai bure. Anasikiliza. Kila usiku wenye himaya wanamtangazia, bila ya kutaka, mahali walipo na idadi yao. Himaya iliyokuwa na sauti tatu, leo ina mbili. Baada ya miezi, moja, tena imekwaruza. Ngurumo inamgharimu anayeitoa, haimgharimu anayeisikia. Anapokuja kunguruma kwa mara yake ya kwanza kwa dhati, akiwa na umri wa miaka minne au mitano na ndugu wawili ubavuni, anakuwa amekwisha kuzijua habari za mji ule kuliko wenyewe wanavyojijua. Hapo ngurumo si kujigamba tena. Ni dai, na nyuma yake kuna meno ya kulitetea.

Wazazi wengi hunijia na lalamiko moja. Kijana wao ana miaka 22, ametoka Msambweni kwenda Diani kutafuta kazi, na hana sauti. Haonekani barazani, hajatangaza posa, hakuna anachojivunia kwenye simu kama wenzake, na akirudi nyumbani hukaa kimya na kusikiliza. Mama huona haya mbele ya majirani, akaanza kumsukuma: sema nawe, jitokeze, watu wakujue. Mimi huwauliza maswali mawili tu: anatembea na nani, na anasikiliza nini. Majibu yakiwa mazuri, huwaambia wamwache. Nimeona zaidi ya mara moja kijana akisukumwa kutangaza harusi kabla ya kuwa na chumba, au kutia mkono katika ugomvi wa ardhi wa wakubwa kabla ya kuwajua waliomo. Nimeona na sisi wenyewe, watu wa elimu: kijana katoka masomoni juzi, jana kapewa kipaza sauti, leo amekwisha kuwapinga mashekhe wa mji mzima kwa mas'ala ambayo hajakamilisha kitabu chake. Wenye mji waliifuata sauti ilikotoka.

Simfananishi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na kiumbe yeyote, achilia mbali mnyama. Lakini kila aliyesoma sira anajua kwamba da'wa ilikuwa ya siri kwa muda wa miaka mitatu hivi pale Makka, na kwamba Waislamu walikuwa wakikutana nyumbani kwa al-Arqam. Wakati wa kudhihirisha ulipofika, ulifika kwa amri. Na waliposilimu Hamza na Umar, Mwenyezi Mungu awaridhie, Waislamu walipata nguvu ya kujitokeza ambayo hawakuwa nayo kabla. Walionyamaza kabla ya hapo imani yao haikuwa pungufu, wala hakuna mwanachuoni aliyewaita waoga.

Sasa turudi Kinango, kwa kuwa huko ukimya huu una bei ya mbuzi. Ikiwa simba mwenye himaya hunguruma na kijana asiye na kwao hunyamaza, basi mfugaji anayengoja ngurumo ndipo afunge zizi vizuri amejilinda na yule aliye mbali na kumfungulia mlango aliye karibu. Sauti inayosikika kabla ya Alfajiri kutoka upande wa Tsavo ni ya mwenye makao, ambaye kwa kawaida ana wanyama wa mwituni wa kula. Anayesukumwa nje ya mbuga, hadi mipakani ambako kuna watu na mifugo, mara nyingi ni kijana aliyekosa nafasi ndani. Huyo hufika usiku wa kimya. Zizi la miiba lililo wazi juu na lango lake la matawi mawili ni kama halipo. Miiba iwe minene na iliyosongana, lango liwe la mbao nzito, na wachanga wa mbuzi walale ndani zaidi. Taa zinazowaka na kuzima pia zimesaidia. Richard Turere, mtoto wa Kimasai wa kando ya mbuga ya Nairobi, alizibuni akiwa mdogo kulinda ng'ombe wa babake, na leo zinatumika sehemu nyingi. Na mwenye kusita kufuga mbwa kwa sababu ya dini ajue kwamba mbwa wa kulinda mifugo ametolewa katika katazo kwa hadithi sahihi. Afugwe nje, apewe haki yake ya chakula na maji.

Sumu isitumike. Najua uchungu wa mwenye kupoteza mbuzi sita kwa usiku mmoja, hasa baada ya ukame ule ulioishia mwaka 2023 ulipokwisha kuwapunguza. Lakini nyama iliyotiwa sumu ya wadudu haichagui: hufa tai, hufa mbwa wa jirani, na mtoto akaishika. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta simba 2,589 katika Kenya nzima, idadi inayoweza kuenea katika skuli chache za hapa Ukunda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya fidia aliyeuliwa mifugo, na shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa mtu. Fidia hiyo huchelewa, kila mfugaji anajua hivyo, lakini asiyeripoti haingii hata katika foleni. Na wale wanaouza kucha na mafuta ya simba kama dawa ya ushujaa waachwe na bidhaa zao. Ushirikina haumkingi mtu na simba, na yeye mwenyewe simba kucha zake hazikumkinga.

Kina mama wa huko juu ndio wa kwanza kutoka asubuhi kwenda visimani na mabwawani pamoja na punda, na wao ndio wa kwanza kuona. Punda akisimama ghafla njiani, masikio yakaelekea upande mmoja na akakataa kusogea, asipigwe. Amenusa ambacho hakikunguruma. Tazameni chini. Nyayo kubwa mbili au tatu za kadiri moja, zinazokwenda ubavu kwa ubavu bila nyayo ndogo za watoto, huenda ni za hao ndugu wasio na kwao, na huenda bado wapo katika kichaka cha karibu. Rudini nyuma pamoja, msitawanyike. Ukoo mmoja safi ufunikwe kwa karai au sufuria iliyopinduliwa ili upepo na mbuzi wasiufute, kisha apigiwe simu chifu au maafisa wa wanyamapori wa Kinango siku hiyo hiyo, kabla ya jua la Adhuhuri.